Mwataka sare au mwataka upishi?

Kila msimu wa kuandikisha makurutu wa jeshi la Kenya, KDF, ukikaribia, swali lile lile la kupika jeshini hunijia limevaa kanzu mpya. Haya, tuyamalize.

Mwanangu apenda kupika. Kuna bwana asema kwa laki tatu atapata barua ya KDF, upande wa jikoni. Nimwamini? (Mama, Kisauni)

Usimwamini, mama, na usimkaribishe tena barazani. Kuandikishwa ni bure. Barua ya kuitwa hupewa kijana pale pale uwanjani, siku ile ile, akishakaguliwa vyeti na mwili na kukimbizwa juani. Barua inayoletwa nyumbani usiku na mtu anayekataa kuandika jina lake kwenye risiti ni ya kughushi. Kila mara husikia vijana wamefika lango la kambi ya Eldoret na barua za namna hiyo, wakatiwa pingu wao, huku aliyekula pesa amezima simu. Na laki tatu hizo ndizo zinazoniuma zaidi: zingemsomesha upishi katika chuo cha serikali na chenji ikabaki.

Nina D+ ya kidato cha nne, miaka 22, futi 5 na inchi 4. Nafaa?

Wafaa. Kurutu wa kawaida hutakiwa awe na miaka 18 hadi 26 na asipungue futi 5 na inchi 3. Haya huandikwa kwenye tangazo lenyewe, na gazeti ni bei rahisi kuliko kuniandikia mara tatu.

Nikiingia jeshini naweza kuchagua jikoni, kisha nilipiwe diploma ya hoteli? (Kijana wa Likoni)

Kurutu hachagui, hupangwa. Ukitaka jiko, soma kwanza. Alama ya D yakuingiza kozi ya krafti, yaani cheti cha ufundi, C- yakupa diploma, na mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, wawafikia wa vyuo vya ufundi pia. Ukiwa na cheti mkononi, subiri tangazo la wenye taaluma na uangalie kama upishi umetajwa mwaka huo. Hata hivyo utafunzwa bunduki kabla ya mwiko. Masomo zaidi yaweza kuja baadaye, kwa haja ya jeshi, si kwa hamu yako.

Nanyi wa Likoni mna ugonjwa wenu: kwa kuwa makao ya Navy, jeshi la majini, yako Mtongwe hapo kwenu, mwadhani mtalala kwenu. Meli hupikiwa baharini, bwana. Jiko ni finyu, sakafu yayumba, na wenzio wataka chakula kwa saa, wala hakuna wa kupambia sahani giligilani.

Mwanamume kupika jeshini si aibu?

Biriani ya harusi uliyokula mara ya mwisho ilipikwa na nani?

Nimepata kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani, kwa bahati nasibu. Ni kweli jeshi la Marekani hulipia chuo cha upishi? (Bibie, Tudor)

Ni kweli, lakini si zawadi ya kujiunga. Ni malipo ya kutumika. Sheria yao iitwayo GI Bill ni ya tangu 1944, na Culinary Institute of America chenyewe kilianza 1946 kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Siku hizi ukitumika miezi 36 ukaachishwa kwa heshima, wapata haki kamili: karo kwa miezi hadi 36, pesa za nyumba na za vitabu. Chuo cha binafsi kina kikomo cha karo, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kupenda jina. Mapishi yenyewe askari hufunzwa Fort Lee, Virginia. Omba mkataba uliotaja kazi hiyo kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya afisa wa kuandikisha haina thamani.

Asiye na kadi asinisumbue. Jeshi hilo halimwombei mtu viza, na ajenti wa mjini anayesema laweza ni binamu wa yule bwana wa laki tatu.

Nimepika kibandani Mwembe Tayari miaka mingi, cheti sina. Nimechelewa? (Baba wa watoto wanne)

Kwa jeshi, umechelewa. Kwa cheti, hapana: nenda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ukaulize mtihani wa ufundi. Chukua kitambulisho, na ujiandae kupika mbele ya mkaguzi badala ya kumsimulia.