Honi ya treni usiku wa manane: tunajibu maswali yenu

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, karibu na makutano ya reli na barabara.

Treni ya saa tisa usiku hupiga honi mara nne hata barabara ikiwa tupu. Kwa nini?

Ni sheria. Kanuni ya shirikisho iliyoanza kutumika 2005 inamtaka dereva aanze sekunde 15 hadi 20 kabla ya makutano: ndefu mbili, fupi moja, kisha ndefu inayolia hadi kichwa cha treni kiingie barabarani. Sauti ni desibeli 96 hadi 110, zikipimwa mita 30 hivi mbele ya treni. Poleni sana. Mtoto aliyeshtuka usingizini habembelezeki kwa kuambiwa ni sheria.

Si mji upige tu marufuku honi za usiku?

Florida ilijaribu. Kuanzia 1984 miji iliruhusiwa kuzima honi usiku kwenye njia moja ya reli, na ajali za usiku makutanoni zikakaribia mara tatu. Mwaka 1991 serikali kuu ikaamuru honi zirudi. Mimi nami nataka mlale, ila si kwa gharama hiyo.

Basi tuanzie wapi?

Ombeni eneo la utulivu, yaani kipande cha reli ambapo treni hazilazimiki kupiga honi kila zikifika makutanoni. Liwe na urefu wa angalau mita 800 hivi, na kila makutano ya umma ndani yake yawe na mageti na taa za kumweka. Mara nyingi hayo hayatoshi. Geti la kawaida hufunga upande mmoja tu wa barabara. Dereva mwenye haraka hukata usukani kushoto, akalizunguka, akarudi upande wake akiwa juu ya reli. Dawa yake ni ukuta mfupi wa zege katikati ya barabara, wa mita 30 hivi kutoka getini, au mageti manne yanayofunga pande zote.

Anayeanzisha eneo hilo ni mji au kaunti, na kwa kawaida ndiyo inayolipa. Kabla ya kwenda kwenye kikao, nendeni makutanoni mkatazame kibao cha bluu. Kina tarakimu sita na herufi moja. Iandikeni namba hiyo kwenye barua yenu, maana rekodi za ajali za makutano hayo hutafutwa kwa namba hiyo.

Mji unasema hauna fedha.

Ulizeni kuhusu honi ya nguzoni. Husimikwa makutanoni na kuelekezwa kwa magari, hivyo kelele haisambai kandokando ya reli. Jirani wa makutano ataendelea kuisikia.

Tuna eneo la utulivu, lakini jana honi imelia!

Dereva anaruhusiwa kuipiga akiona mtu, mnyama au gari relini, na hata kwa ajili ya mafundi wa reli. Treni ya mizigo yenye kasi huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama. Ikilia kila usiku, andikeni tarehe na saa, mzipeleke mjini.