Ngao dhidi ya upanga wa mikono miwili: usipandishe namba kwanza

Salaam mkuu. Nimekupata: kwenye mchezo wako wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, wachezaji wako wote wametupa ngao wakashika panga za mikono miwili, nawe unataka kuipandisha ngao kutoka +2 hadi +4, yaani kiasi inachoongeza kwenye namba ambayo adui lazima aifikie ili apige. Subiri kidogo. Kwanza angalia adui anahitaji ngapi kwenye dadu ya pande 20 ili ampige asiye na ngao.

Akihitaji 11, ngao ya +2 inamtaka 13: nafasi zake kati ya 20 zinashuka kutoka 10 hadi 8, yaani zinapungua kwa moja ya tano tu. Lakini kwa mwenye deraya nzito, anayepigwa kwa 17, zinashuka kutoka 4 hadi 2. Nusu nzima! Huyo ukimpa +4, adui atahitaji 21: karibu hapigwi tena, na pambano limekufa.

Madhara ya silaha yaache yalivyo. Mezani kwetu, kilichorudisha ngao ni kuipa kazi. Mara moja kila raundi, mwenye ngao anamkinga mwenzake aliye jirani. Mshambuliaji anarusha dadu mbili, anachukua iliyo ndogo. Mchawi wa kundi ndiye aliyeanza kuwabembeleza wenzake wabebe ngao. Ijaribu kwenye pambano lenye wapiga mishale wengi, utaona tofauti haraka.