Darasa la kugeuza na kujifunza kwa timu ni vitu viwili

Je, darasa la kugeuza (flipped classroom) na kujifunza kwa timu (team-based learning) ni majina mawili ya kitu kimoja? Hapana. Darasa la kugeuza ni mpangilio wa muda tu: mhadhara unautazama nyumbani, kipindi kinabaki cha mazoezi. Kujifunza kwa timu kuna kanuni zake, na mwanzilishi wake ni Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati hakuna aliyeota mambo ya Zoom. Timu ni za watu 5 hadi 7 na hazibadilishwi muhula mzima. Kila mmoja anasoma kabla ya kipindi, anafanya jaribio fupi la alichosoma peke yake, kisha timu inalirudia lile lile kwa kujadiliana, na yote mawili yana alama. Hapo ndipo asiyesoma huumbuka.

Nafundisha takwimu chuo kimoja hapa Nairobi na nimeitumia njia hii ya timu mtandaoni. Inawezekana kabisa, ila msitume video ya saa nzima. Bando la mwanafunzi litakata kabla hujafika kwenye mada. Mimi hutuma PDF na sauti ya dakika 10.