Hao "watu" unaowaogopa ni akina nani?

Umeuliza ufanyeje na ile suruali nyekundu uliyoinunua kwa mapenzi, ambayo sasa ina miezi mitatu kabatini kwa sababu kila ukiivaa unaivua kabla hujafika mlangoni, ukiwaza watu watasemaje. Naijua hali hiyo. Mimi yangu ilikuwa kofia pana ya kijani. Usiku naivaa mbele ya kioo, naipenda kweli, asubuhi natoka kichwa wazi.

Kilichonifungua ni swali moja: hao "watu" ni akina nani hasa? Nilikaa nikawahesabu. Walikuwa wawili tu: shangazi yangu, na mfanyakazi mwenzangu aliyewahi kunicheka viatu mbele ya wengine. Wapita njia wote niliowaogopa nilikuwa nimewavika sura za hao wawili.

Na wapita njia hawatutazami kama tunavyodhani. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi la kuwatia aibu, kisha wakaingizwa chumba chenye wenzao. Wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeweza kusema ni picha ya nani. Walioweza ni kama robo.

Ila robo si sifuri, sitakudanganya. Siku niliyotoka na kofia, shangazi aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Hiyo nayo ni nini?" Iliniuma. Mkono ulishapanda kuivua, nikaushusha. Baada ya muda akawa ananiuliza habari za kazi.

Hapo ndipo nakuomba uwe makini sana. Hofu hupanda mwanzoni, kisha ukitulia hushuka yenyewe. Ukiivua suruali hofu ikiwa bado juu, moyo unajifunza kwamba kuvua ndiko kulikokuokoa, na kesho itakuwa ngumu zaidi. Kwa hiyo usianzie kwenye sherehe. Chagua siku ya kawaida, shughuli fupi unayoijua, uivae mpaka shughuli iishe. Kesho yake tena. Kwangu ilikuwa mara ya tano au ya sita ndipo nilipofika nyumbani na kugundua kwamba siku nzima sikuikumbuka kofia.

Yule wa kazini bado hunitania. Namjibu, "Naipenda," tunaendelea na kazi.