Kaliba kubwa haitakutafutia moyo wa kulungu

Swali: Nimemaliza kozi ya usalama, leseni ninayo, na msimu wangu wa kwanza wa kuwinda kulungu unafunguliwa baada ya wiki sita. Nimenunua bunduki ya .300 Winchester Magnum, kaliba (ukubwa wa risasi) yenye nguvu sana. Muuzaji ameilinganisha darubini kwa leza palepale dukani, akasema iko tayari, na kwamba kwa kaliba hiyo hata nikikosea kidogo mnyama ataanguka tu. Ameniuzia pia chupa ya mkojo wa kulungu jike, wa kuvutia madume. Ninunue nini tena?

Jibu: Risasi za mazoezi na kinga ya masikio, ndugu yangu. Pochi irudi mfukoni.

Leza nitaimaliza haraka. Inaonyesha mtutu unakotazama, haionyeshi risasi inakotua. Faida yake ni kukuokolea risasi mbili tatu za kuitafuta karatasi ya shabaha. Anza mita 25, piga tatu, pima kutoka katikati ya matundu yote matatu na siyo kutoka kwenye lile lililokufurahisha. Rekebisha, kisha rudia mita 100. Kwa mita 100, darubini nyingi husogeza pigo, yaani mahali risasi inapotua, kama milimita 7 kwa kila mbofyo wa kitasa chake cha kurekebishia. Kwa mita 25 ni robo ya hapo, ndiyo maana wageni huzungusha mara mbili wakadhani kifaa kimekwama. Mtutu upoe kabla ya kuendelea. Na risasi uliyosawazishia ndiyo utakayoingia nayo porini, kwa sababu ukibadilisha uzito wa kichwa chake, pigo nalo linahama.

Sasa hilo la “ataanguka tu”. Nimefundisha kulenga shabaha miaka mingi na hakuna sentensi inayonikera kama hiyo. Kwa kulungu wa mkia mweupe aliyekupa ubavu, eneo la moyo na mapafu lina upana wa kama sentimita 20, nyuma tu ya mguu wa mbele. Risasi ya .243 Winchester, iliyo ndogo kuliko yako, ikipita katika mapafu yote mawili, mnyama hukimbia kidogo akaanguka. Ya Magnum ikipita tumboni, anaondoka nayo, analala kichakani na kuteseka saa nyingi, na huenda usimwone tena. Ukubwa wa risasi haujawahi kuhamisha tundu kutoka tumboni kwenda kifuani.

Kinachohama ni mkono wako. Teke la .300 Magnum ni zaidi ya mara mbili ya teke la .243, na bega la mgeni hulikumbuka. Huwa namjazia mwanafunzi bunduki mwenyewe, bila yeye kuona, nikichanganya risasi za kweli na za bandia. Ikifika ya bandia, anavuta triga, hakuna mlipuko, na sote tunaona: mtutu umeinama, jicho limefumba, bega limesukuma mbele. Halafu ananiambia darubini ina hitilafu. Mmoja alikuja na alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi, darubini ilimrudia kwa kuwa aliweka jicho karibu mno, na bado alikuwa anaisifu bunduki.

Kwa hiyo, kama kuna mtu wa kukuazima .243 au .308 kwa msimu huu, na sheria ya kwenu inaruhusu, azima. Ukishikilia hiyo yako, usipige zaidi ya risasi kumi na tano kwa siku, na siku nyingi zaidi fanya mazoezi ya kuvuta triga bila risasi, chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, umeikagua mara mbili kuwa iko tupu. Ukishasawazisha, achana na meza ya kuegemezea bunduki. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea mti. Umbali ambao huwezi kutia risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya sentimita 20 kwa mikao hiyo, huo si umbali wako, hata kama mezani unatoboa kopo.

Wauzaji na wale wa video hawakuambii haya kwa sababu mazoezi hayafungwi kwenye boksi. Watakuuzia kaliba, dawa ya kuua harufu, filimbi ya kuita dume. Hawapo jioni ile unapopiga magoti kwenye majani ukitazama damu. Ikiwa nyekundu yenye povu, ni mapafu. Subiri nusu saa kisha fuata. Ikiwa na uchafu wa kijani na harufu ya tumbo, rudi nyuma kimyakimya na usimfuate kwa saa nane au zaidi, maana ukimwinua atakwenda mbali zaidi.

Hiyo chupa ya mkojo usiifungue kabla ya kusoma kanuni za mahali unapowinda. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamepiga marufuku mkojo halisi wa kulungu kwa hofu ya kueneza ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, ambao hauna tiba. Ukikuta umekatazwa, mrudishie aliyekuuzia, na risiti.