Kwa mnaoanza kusomesha Kiswahili wageni kwa simu

Vijana wengi hapa Unguja wameanza kusomesha Kiswahili wageni walioko kwao, na kila anayenijia huuliza kwanza anunue kamera gani. Simu uliyo nayo inatosha. Niulize unamrekodia nani.

Video moja ya makaribisho ukiitupa kwenye kundi, wataitazama nusu na hatajibu mtu. Mrekodie mmoja mmoja, mtaje jina, zungumzia kazi yake mwenyewe. Kaandika "mtoto yangu"? Iweke karatasi yake mbele ya kamera, kidole pale pale: "Hapa sema mtoto wangu. Mstari wa chini umepatia, hongera." Basi, tuma. Zile video za duara za WhatsApp zilipokuja mwaka 2023 kikomo kilikuwa sekunde 60, na sisi wenye maneno mengi kikomo hicho kilitufaa sana.

Kwenye matamshi, chagua. Th na dh zinaonekana: sogeza uso, sema "thelathini", "dhahabu", taratibu, aone ncha ya ulimi ilipo kwenye meno. Lakini gh ya "ghali" na ng' ya "ng'ombe" zinatoka nyuma huko, kamera haioni kitu. Tuma sauti tu, uokoe bando.

Naye mwombe ajibu kwa video, ila usimlazimishe. Watu wazima huona haya kujitazama wakikosea.

Kaa ukilitazama dirisha, usilipe mgongo. Mji Mkongwe vyumba vingi vina giza, kwa hiyo utatoka barazani, na huko vespa zitapita na majirani watakusalimia. Itikia, endelea kurekodi. Wanafunzi wangu huzipenda hizo salamu kuliko somo lenyewe, maana hazikupangwa. Mtu akionekana sura, muombe ruhusa kabla hujatuma. Upepo wa kusi ndio mtihani: upe mgongo, simu iwe karibu na mdomo.

Na usikeshe. Majira ya joto ya kwao, mwanafunzi wa New York akikaa kusoma saa mbili usiku, huku ni saa tisa za usiku. Rekodi ukishasali alfajiri, akiamka ataikuta. Kipindi cha kuonana muwekee Jumamosi saa kumi jioni yetu, kwake saa tatu asubuhi. Novemba, Marekani wakirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, itamwangukia saa mbili. Mtumie video ya kumkumbusha wiki moja kabla, au utaikodolea macho skrini peke yako saa nzima.