Usianze na chipsi

Dada, umesema Jumamosi unawapeleka wanao wawili kwenye tamasha la vyakula hapa Mwanza, na unaogopa pesa itaisha kabla hamjaonja cha maana. Wengi huharibu pale mlangoni kwa chipsi mayai. Jamani, chipsi si zipo Nyakato mwaka mzima? Zungukeni kwanza mikono mitupu, mnuse tu.

Kisha nunueni sato mmoja mle watatu. Mchague angali mbichi: matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza inarudi. Simama hapohapo akikaangwa. Mafuta yakiwa meusi kama ya gereji, hamia kwa jirani, wala usione haya. Miiba watolee watoto mwenyewe.

Ukimkuta mama anauza michembe au matobolwa, usimpite. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndiyo maana yana utamu ule wa kung'ang'ania menoni. Wangu huyatafuna kama pipi.

Maji bebeni ya nyumbani. Na noti ndogondogo, maana "sina chenji" utaisikia mpaka uchoke.